Samaki wa Dhahabu Anapoanza Kupofuka: Jinsi ya Kumtunza Tangini

Mwanangu ndiye aliyeona kwanza. "Mama, mbona Makaa anagonga kioo?" Makaa ni samaki wetu wa dhahabu, mweusi tii, wa ile aina yenye macho yaliyotokeza kama shanga mbili pembeni mwa kichwa. Jioni ile niliponyunyiza chakula, wenzake wawili walipanda juu mara moja. Yeye alibaki katikati ya maji, kinywa kikifumbua na kufumba mahali pasipo na kitu. Nilikaa mbele ya tangi nikamtazama hadi wenzake walipomaliza chakula chote.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyefika pale nilipokuwa mimi jioni ile. Nazungumzia samaki wa dhahabu kwa sababu ndiye ninayemjua, ingawa mengi yatawafaa samaki wengine wa tangini. Kabla hujakata tamaa, jua hili: upofu peke yake haumuui samaki. Kinachomuua ni njaa, majeraha na maji mabaya, na vyote vitatu viko chini ya mkono wako.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli haoni

Samaki mgonjwa, aliyezeeka au mwenye baridi naye huzubaa, kwa hiyo usikimbilie kusema ni kipofu. Mpime hivi. Chukua kipande cha kitambaa chekundu, kaa kimya upande mmoja wa tangi, kisha kipitishe taratibu nje ya kioo, kama shibiri moja kutoka kwenye jicho lake. Usiguse kioo wala meza. Ukigusa, atausikia mtikisiko ubavuni mwake na utadhani ameona. Samaki anayeona atageuka, atasogea au walau jicho litacheza. Rudia upande wa pili. Fanya kipimo hiki siku tatu kwa saa tofauti, maana mara moja haitoshi.

Dalili nyingine utaziona ukimtazama kwa utulivu. Huogelea akisugua ubavu kwenye kioo kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Hugonga vitu vipya lakini vya zamani huvikwepa. Chakula kinachoelea hukikosa kwa kiasi kidogo tu, kulia au kushoto. Samaki wa jamii nyingi wakipofuka hukolea rangi pia, kwa sababu ngozi hujirekebisha rangi kwa kufuata kile jicho linachokiona. Kwa samaki mweusi kama wangu dalili hiyo haisaidii.

Ikiwa jicho moja tu ndilo limekufa, atageukageuka upande mmoja na kushtuka ukimjia kutoka upande wa pili. Huyo kazi yake ni ndogo: mpe chakula upande anaoona, na mkono wako uingie majini kutoka upande huohuo kila siku. Hatua nyingine zifuate hivyohivyo, kwa sababu jicho lililobaki linaweza kwenda pia.

Hatua ya 2: Litazame jicho lenyewe

Zima taa ya chumba, washa taa ya tangi, sogea karibu. Piga picha kwa simu, uikuze. Unachotafuta ni mahali hasa palipoharibika.

Ukungu ukiwa juu ya jicho, kama kioo kilichopumuliwa, tatizo liko kwenye ngozi angavu ya nje. Hapa kuna matumaini makubwa. Mara nyingi chanzo ni maji mabaya au mkwaruzo, na jicho huweza kusafika ndani ya wiki chache maji yakirekebishwa.

Weupe ukiwa ndani, katikati ya mboni kama tone la maziwa, huo ni mtoto wa jicho, uleule unaowapata wazee wetu. Kwa samaki hutokana na uzee, lishe duni, kurithi, au minyoo inayoingia ndani ya lenzi. Minyoo hiyo hupitia kwa konokono wa majini na ndege wala samaki, ndiyo maana sishauri kabisa kuchukua konokono wa mtoni au bwawani na kuwatia tangini. Weupe wa ndani haurudi nyuma. Ukishauona, nguvu zako zipeleke kwenye kumsaidia aishi bila macho.

Jicho likiwa limevimba na kutoka nje kuliko kawaida, uliza kwanza ni moja au yote mawili. Moja peke yake, mara nyingi amejigonga au ameumwa na mwenzake. Yote mawili kwa pamoja, tatizo liko mwilini au majini. Na kama magamba nayo yamesimama kama ya koni ya msonobari, hali ni mbaya, mtafute mtaalamu siku hiyohiyo. Kwa samaki kama Makaa, aliyezaliwa na macho ya kutokeza, linganisha na picha zake za zamani. Wachina walianza kuwafuga samaki hawa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na katika kuchagua maumbo ya ajabu wakapata wenye macho ya kutokeza, wenye macho yanayotazama juu daima, na wenye mifuko ya maji chini ya macho. Wote hao huona kwa shida tangu ujana, na macho yao huumia upesi.

Kuna pia jicho safi kabisa lisiloona. Hilo limeharibika nyuma, kwenye mshipa au kwenye utando unaopokea mwanga. Nyumbani hakuna la kulifanyia.

Hatua ya 3: Maji kwanza

Watu wengi wakiona jicho lenye ukungu hukimbilia dukani kununua dawa ya rangi ya buluu. Mimi nasema acha dawa, pima maji. Kuna vipimo vya matone na vya vijiti. Vya matone ndivyo ninavyoviamini. Amonia iwe sifuri. Naitraiti, sumu inayotokana na amonia hiyo, iwe sifuri. Naitreti isipite miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi.

Amonia hutoka kwenye kinyesi, kwenye matamvua ya samaki mwenyewe na kwenye chakula kilichooza. Huunguza matamvua na macho. Jambo ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulijua ni kwamba sumu yake huzidi maji yakiwa ya moto na yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu; ikiwa juu, uchachu umepungua). Kiasi kilekile ambacho mtu wa nchi ya baridi angeweza kukivumilia kwa siku mbili, kwetu Dar es Salaam mwezi wa Februari ni hatari. Na joto lina ubaya wa pili: maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya ubaridi, nyuzi 18 hadi 24 ndizo zinazomfaa. Huku kwetu kuzifikia ni kazi, lakini feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu, na pampu ya hewa isizimwe usiku wala mchana.

Amonia ikionekana, badilisha nusu ya maji leo, na robo kila siku hadi ipotee. Baada ya hapo robo au theluthi kila wiki, bila kuruka. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo tia matone ya kuondoa klorini kabla ya kuyamimina. Kuyalaza maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huondoa klorini ya kawaida, lakini kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, kuyalaza hakusaidii, matone ni lazima. Joto la maji mapya lisitofautiane na la tangini kwa zaidi ya nyuzi 2.

Sponji ya chujio ioshe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, kamwe si kwenye bomba. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Ukiwaua kwa klorini, itachukua wiki nne hadi sita kuwapata tena, na wiki hizo samaki mwenye macho mabovu hana nguvu za kuzistahimili.

Ukubwa wa tangi nao utazame. Samaki mmoja wa aina ya mwili mnene anahitaji kama lita 75, na kila anayeongezeka lita 40 juu yake. Bakuli la mezani halimfai samaki mzima, sembuse kipofu anayezungukia ukutani mchana kutwa.

Hatua ya 4: Dawa zinazofaa na zisizofaa

Kwa ukungu wa nje na michubuko, chumvi hutosha mara nyingi. Tumia chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu, gramu 1 kwa kila lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 5 hivi. Iyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi, uimimine kidogo kidogo kwa siku mbili. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haikauki nayo. Ukitoa maji kwa kubadilisha, ndipo urudishe chumvi kwa kipimo cha maji uliyoyatoa. Mimea mingi ya majini haiipendi chumvi, ihamishe kwenye ndoo.

Kwa jicho lililovimba, chumvi ya haluli inayouzwa duka la dawa husaidia kutoa maji yaliyojaa nyuma ya jicho. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, nacho kiyeyushwe kwanza. Mpe wiki moja hadi mbili.

Usimtie dawa ya macho ya binadamu. Usifungue kidonge cha antibayotiki ulichobakiza kabatini ukakimwaga majini. Kitaua bakteria wa chujio na kukuletea amonia ileile uliyoifukuza. Kama jicho lina usaha, damu au uozo, mtafute daktari wa mifugo. Wengi wamezoea ng'ombe na kuku, ni kweli, lakini ukimpelekea picha nzuri, vipimo vya maji na uzito wa samaki, ana pa kuanzia. Wenye uzoefu wa ufugaji wa samaki wa mabwawani nao magonjwa haya wanayajua.

Jicho likitoka kabisa au likikauka, usishtuke. Shimo huziba lenyewe maji yakiwa safi.

Hatua ya 5: Panga tangi mara moja, kisha liache lilivyo

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na hapa ndipo nilipokosea.

Samaki hakutegemea macho peke yake hata alipokuwa mzima. Kando ya mwili wake, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, kuna mstari wa vitundu vidogo vyenye vinyweleo ndani yake. Vinyweleo hivyo husikia maji yakisogea. Samaki akiogelea, maji anayoyasukuma hugota kwenye kioo au jiwe na kumrudia, naye huhisi kwamba mbele kuna kitu. Pia ana pua kali, na midomo yake imejaa vionjio. Samaki wa jamii ya dhahabu tena ana vijifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo husikia vizuri kuliko samaki wengi.

Kama unashuku kwamba samaki anaweza kuishi hivyo, wako wanaoishi. Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, Kongo ya magharibi, kuna samaki mdogo asiye na macho wala rangi, *Caecobarbus geertsii*, ambaye wanasayansi walimwandika mwaka 1921 na leo biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Somalia nako wapo wa chini ya ardhi, na baadhi yao wakikua hawana hata alama ya jicho kwa nje. Hao walizaliwa na vizazi vyao gizani. Wako anaanza leo, akiwa mtu mzima, na kitu pekee anachoweza kukishika ni kumbukumbu ya tangi lake. Ndiyo maana kila kitu lazima kikae pale kilipo.

Mimi nilipoona Makaa haoni, nilifikiri ni wema kumsafishia tangi lote na kulipanga upya liwe na nafasi. Nilitoa jiwe kubwa, nikaliweka kona nyingine. Usiku huo alijigonga humo hadi magamba manne yakang'oka ubavuni. Alikuwa anaogelea kwa kufuata ramani ya tangi niliyoivuruga mimi. Wiki tatu za chumvi zilikuwa malipo ya jiwe moja.

Kwa hiyo panga siku moja, panga vizuri, halafu liache.

Ondoa kila chenye ncha: maua ya plastiki magumu, matumbawe (hayo hupandisha pH pia), vijumba vyenye matundu ambamo anaweza kukwama kichwa. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila kitu unachotaka kibaki. Ikinasa, kitoe. Changarawe iwe ya mviringo au mchanga laini. Mdomo wa chujio unaonyonya maji ufunike kwa sponji, kwa sababu samaki asiyeona hausikii hadi umemkamata pezi.

Jiwe la hewa liweke kona moja, nalo lisihame tena. Mapovu yake ni mnara wa taa kwake. Kila saa anajua kona ile iko wapi na hivyo anajua kona nyingine tatu. Mkondo wa maji kutoka kwenye chujio uwe mpole, uelekezwe ukutani. Mkondo mkali unamchosha na pia unafunika zile taarifa ndogo za maji anazozitegemea.

Kioo cha nyuma usikisugue. Acha ule uoto wa kijani ukae. Unakipa ukuta mguso, unampa kitu cha kudonoa, na kama bado anaona kidogo, unamwonyesha mwisho wa tangi ulipo. Vioo vya pembeni bandika karatasi nyeusi kwa nje kwa sababu hiyohiyo, acha cha mbele tu wazi.

Tangi lifunikwe. Samaki asiyeona akishtuka huruka. Lisiwe karibu na spika, mlango unaobamizwa au televisheni. Waambie watoto wasigonge kioo. Nilimweleza wangu kwamba kwa Makaa ni sawa na mtu kukupigia debe sikioni ukiwa umefumba macho, akaelewa siku ileile.

Taa nayo isiachwe kwa kuwa eti haoni. Samaki ana kiungo juu ya ubongo kinachopokea mwanga moja kwa moja kupitia fuvu, na kwa hicho hujua usiku na mchana hata macho yakiwa yamekufa. Saa nane hadi kumi za mwanga kila siku, kuwaka na kuzima kwa saa ileile. Usiwashe ghafla gizani; fungua mapazia kwanza.

Hatua ya 6: Mfundishe kula upya

Hii huchukua wiki moja hadi tatu, na inataka uvumilivu. Chagua kona moja. Mimi nilichagua ile iliyo mbali na mapovu, chakula kisipeperushwe. Juu ya maji weka pete: kata mpira mwembamba wa pampu ya hewa, unganisha ncha zake mbili, utaelea. Pete hiyo huzuia chakula kusambaa. Ishikize kwa kibanio cha kunyonya kioo. Chini yake, sakafuni, weka kisahani kizito kisicho na ncha, chakula kinachozama kitue humo.

Halafu mpe ishara. Kila unapomlisha, chovya ncha ya kidole majini mara tatu, polepole, kwenye kona ileile. Subiri, mpe sekunde kumi. Kisha weka chakula. Siku za mwanzo hatakuja. Mfuate wewe: chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze supu ya chakula kilicholowekwa, ushushe tone mbele ya pua yake na umwongoze kwa harufu hadi kwenye kona. Siku ya tano Makaa alianza kugeuka kuelekea kidole. Siku ya kumi na moja alifika kabla sijaweka chakula, nami nilimwita mwanangu aje aone.

Chakula kiwe na harufu na kiwe laini. Punje ziloweke dakika moja au mbili kwenye maji ya tangi, na hii ina faida ya pili: hamezi hewa nyingi kwa kufukuzia punje zinazoelea. Kamba mbichi waliokatwakatwa vidogo sana hunukia sana majini, wape mara mbili kwa wiki. Njegere zilizochemshwa na kumenywa ngozi ni nzuri kwa tumbo. Tone la maji ya kitunguu saumu kwenye chakula huwasaidia baadhi yao kukipata. Nunua chakula cha samaki kwenye kopo dogo lenye tarehe, kwa sababu vitamini hupotea kopo likishafunguliwa, na upungufu wa vitamini na madini ya zinki ni miongoni mwa vinavyoharibu macho yenyewe. Chakula cha kupimiwa kwenye kifuko kisicho na jina wala tarehe usimpe.

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu, kinapita tu. Basi mpe kidogo mara mbili au tatu kwa siku kuliko kingi mara moja. Mpe dakika kumi hadi kumi na tano, si zile mbili zinazoandikwa kwenye kopo, kisha nyonya mabaki. Kama ameshibishwa vizuri utamjua kwa mgongo: ukimtazama kutoka juu, mwili nyuma ya kichwa uwe umejaa. Ukiona umebonyea pande zote mbili, hapati kitu, hata kama unaona chakula kinaisha. Wenzake ndio wanaokimaliza.

Hatua ya 7: Wenzake

Wale wembamba wenye mkia mmoja, wepesi kama mshale, wasikae naye. Watamnyang'anya kila punje. Wazito wenzake wanafaa, mradi hawamdonoi. Makaa ana rafiki mmoja wa rangi ya machungwa anayetembea naye ubavu kwa ubavu, na naamini huhisi mkondo wa mkia wake na kuufuata.

Akionewa, usimhamishe yeye. Hamisha mwonevu. Ikishindikana, weka kizuizi chenye matundu katikati ya tangi, yeye abaki upande ule ule wenye kona yake ya chakula. Tangi jipya kwa samaki asiyeona ni nchi ngeni.

Hatua ya 8: Siku ya maji na siku ya giza

Siku ya kubadilisha maji, ingiza mkono kwanza, polepole, uutulize kwa muda, ndipo uingize mpira wa kunyonya maji, kila mara kona ileile. Maji mapya yamimine juu ya kisahani au kiganja yasimpige. Ikibidi kumtoa, wavu hapana, hasa kwa mwenye macho ya kutokeza, kwa kuwa nyuzi hukwaruza jicho. Mwingize kwenye bakuli chini ya maji, umtoe pamoja na maji yake.

Umeme ukikatika, anapoteza oksijeni na mnara wake kwa wakati mmoja. Pampu ndogo ya betri ni kitu cha kununua kabla, na jiwe lake likae kona ileile ya lile la umeme. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyarudishe kutoka juu, kwa upole, upande wa mapovu, dakika chache kila baada ya nusu saa.

Ikiwa anateseka

Samaki kipofu anayekula, anayeogelea wima na kupumzika usiku ana maisha yake. Nisingependa mtu amwondoe kwa sababu tu inamuuma yeye kumtazama. Lakini yupo anayelala ubavu siku kadhaa, hali kabisa, ana vidonda visivyofunga, na daktari amesema hakuna la kufanya. Kwa huyo njia ya upole inajulikana, na kiungo chake kinatoka jirani yetu Pemba: mafuta ya karafuu, ambayo humlaza samaki usingizi mzito. Tikisa matone kwenye chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu hadi yawe meupe, kama mililita 0.4 kwa kila lita ya maji ya chombo alimo, na umimine taratibu. Matamvua yakishaacha kucheza, mwache humo saa nzima. Usimtupe chooni akiwa hai wala kumgandisha kwenye friji.

Ukisafiri

Samaki mzima mwenye afya hustahimili wiki bila chakula, na ni heri afunge kidogo kuliko alishwe na mtu anayemwaga nusu kopo. Ukimwachia jirani, funga chakula cha kila mlo kwenye vikaratasi, uviandike siku. Mwonyeshe kona, mwonyeshe kidole mara tatu, mwache afanye yeye mbele yako. Kisha bandika karatasi juu ya kifuniko cha tangi. Yetu imeandikwa na mwanangu kwa kalamu nyekundu, na haijabanduliwa tangu mwaka jana: "HAONI. USIHAMISHE KITU."